Mwaka Niliposhusha Wimbo

Jumapili iliyopita, katika kanisa dogo la Kanja ambako hakuna anayenijua zaidi ya kusema "yule msichana mgeni", kwaya iliimba wimbo wangu wakati wa matoleo. Niliutambua kabla ya neno la kwanza, pale mpiga kinanda alipopanda zile noti za mwanzo, na nikashika benchi la mbele kwa mikono yote miwili. Mama mmoja aliyesimama kando yangu na kikapu cha ndizi alinigusa kiwiko. "Kwani huu huujui? Imba! Huu ni wa kitambo sana, sisi tuliuimba hata kabla hatujaolewa." Nilitikisa kichwa tu. Mimi nina miaka kumi na tisa, na wimbo huo niliutunga nikiwa kidato cha tatu. Lakini sidhani kama alikuwa anadanganya. Wimbo ukishaingia kanisani watu husahau kwamba kuna siku haukuwepo. Soprano wao alipopanda kwenye neno "unga", sauti changa, safi, ikapita pale juu bila kukwaruza popote, machozi yakanitoka, na yule mama akanipa leso yake akidhani nimeguswa na Roho. Sikumwambia kwamba soprano huyo alikuwa ameimba vizuri kabisa, na kwamba hicho ndicho kilichoniliza.

Mwaka huo wa kidato cha tatu niliishi Muthara kwa Tata, dada mdogo wa mama yangu, ambaye alikuwa na kinu cha posho nyuma ya soko. Chumba changu kilipakana na kinu, ukuta wa mbao tu katikati, na kitanda changu kilikuwa na unga daima hata nikifua shuka vipi. Wageni waliona ile mashine ni kelele. Mimi niliisikia ikishika noti moja kama mzee wa besi asiyechoka. Mahindi yakimiminwa noti ilishuka kidogo, ikakaza, kisha yakiisha ikapanda tena mahali pake. Nilikuwa nalala chali baada ya shule na kuvumisha sauti juu yake, kwanza moja, kisha nyingine iliyo karibu, nikisikiliza zinavyogombana na zinavyopatana. Huko ndiko nilikojifunza kutunga. Ubao wa Mwalimu Mutwiri, aliyefunza kwaya yetu ya parokia kwa do, re, mi za chaki, ulikuja tu kunipa majina ya vitu nilivyokuwa navyo tayari. "Kendi, unalia ama unaimba?" Tata alikuwa akiniuliza kupitia ukuta. "Naimba, Tata." "Basi imba kitu kinaisha. Hizi zako haziishi." Alisema kweli. Nilikuwa na mianzo mingi na sikuwa na mwisho hata mmoja, kwa sababu wimbo ukiisha lazima mtu mwingine ausikie, na mimi nilikuwa mtu wa aibu kiasi kwamba nikiulizwa swali darasani nilisimama, nikatazama dirisha, nikaketi. Walimu walikuwa wamezoea.

Mtu aliyenifanya nimalize wimbo alikuwa Mama Makena. Hoteli yake ilikuwa hatua chache kutoka kwa kinu, mabati yaliyopakwa rangi ya bluu, meza tatu zenye kitambaa cha plastiki, na jikoni nyuma ambako moshi ulikuwa umefanya mbao kuwa nyeusi na kung'aa kama viatu. Tata alikuwa ananituma na unga, na nikifika sikutaka kurudi. Nilijitolea kuosha vikombe. Aliniacha, akaniwekea githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sahani ya bati, akaendelea kusukuma chapati na kuimba. Sauti yake haikuwa tamu. Sijui niiseme vipi. Chini yake kulikuwa na mchanga kidogo, na juu ya mchanga huo sauti ilipanda polepole, bila haraka yoyote, na ilipofika juu ilikaa pale kana kwamba imefika nyumbani kwake na sasa inavua viatu. Alikuwa ndiye mwimbaji wa solo katika kwaya ya parokia tangu kabla sijazaliwa. Wanaume wa miraa na watu wa bodaboda walikula wakimsikiliza bila kujua wanasikiliza. "Mama Makena, hii chai ni moto kama dhambi," mmoja angelalamika. "Kunywa hivyo hivyo. Chai ya vuguvugu ni ya wagonjwa." Na yeye mwenyewe alikuwa anakunywa yake ikiwa bado inachemka kikombeni, amesimama, akitazama barabara.

Hakuwa anasalimia watu kwa kiganja akiwa kazini. Alikuwa anakunyooshea kifundo cha mkono, akisema, "Shika hapa juu, mikono yangu ina unga." Alisema hivyo kwa kila mtu, kwa chifu, kwa padri, kwa watoto wa nasari. Kwa hiyo Mwalimu Mutwiri alipotangaza mazoezini kwamba siku ya shukrani ya mavuno vigango vyote vya parokia vitakuja kwetu, na kwamba angetaka tuwe na wimbo wetu wenyewe wa matoleo badala ya kuazima kila mwaka, mimi nilikuwa na maneno tayari, ingawa nilitazama sakafu. Mwalimu akauliza nani anaweza kutunga. Kisha Mama Makena akasema, "Kendi anatunga. Namsikia huko nyuma akiosha vikombe." Kwaya nzima ikageuka. Baba Mwenda, mkubwa wa besi, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akacheka. "Huyu? Huyu hata amina hasemi ikasikika!" "Ndio maana amebaki nazo zote ndani," Mama Makena akamjibu. "Wewe zako umemaliza." Watu wakacheka hadi Mwalimu akapiga ubao na kipande cha mti.

Nilitunga kwenye meza ya nyuma ya hoteli, kati ya saa ya kutoka shuleni na saa ya giza kuingia. *Nikuletee nini, Bwana, mikono yangu ina unga.* Sauti ya kwanza ilianzia chini kama mtu anayeinama kuokota kitu, ikapanda ngazi baada ya ngazi, na ilipofika kwenye "unga" ikakaa juu, ndefu, halafu sauti nyingine tatu zikaingia chini yake. Niliweka do kwenye G kwa sababu hapo ndipo sauti yake ilipokuwa inavua viatu. Sikuwa nimeandikia kwaya. Nilikuwa nimeandikia koo moja. Siku aliyouimba mara ya kwanza mazoezini, jua la jioni likiingia kwenye madirisha ya upande wa magharibi, alipofika pale juu Baba Mwenda alisahau kuingia. Besi yote ilisahau. Mwalimu alisimamisha wimbo, na badala ya kuwakaripia akaniuliza, taratibu, kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima mwenzake, "Hii umeitoa wapi?" Nilikuwa na furaha kubwa. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani, na nikakiomba kila asubuhi: siku ya shukrani ifike, Mama Makena asimame mbele ya vigango vyote, na auimbe.

Ilianza kama mafua. Mwezi wa nne hivi, mvua ikiwa imeshika, alikwaruza kwenye ile noti ya juu, akakohoa, akasema tuanze tena. Wiki iliyofuata pia. Sasa, kwa watu wa kwaya, sauti kukauka si ugonjwa, ni kama mkulima kuwa na sugu. Kila mtu ana dawa yake na kila mtu anaitoa. Waimbaji wa sauti ya pili walimletea tangawizi iliyopondwa na asali. Wa sauti ya tatu wakasema ndimu na chumvi. Baba Mwenda aliapa kwa yai bichi, la kienyeji, linywewe kabla hujaongea na mtu yeyote. Mwalimu alimwambia apumzishe sauti, asiimbe hotelini. Alifuata yote. Hoteli ikawa kimya, na wateja wakawa wanasikia midomo yao wenyewe ikitafuna. Mimi niliona ni shida ya ufunguo. Nilimaliza kuosha vikombe, nikachukua wimbo, nikauhamisha kutoka G mpaka F, ngazi moja chini. Aliuimba vizuri. Baada ya majuma machache mchanga ukapanda tena ukafika juu, na nikaushusha mpaka E. Hakuna aliyesema kitu isipokuwa besi, kwa sababu kila nilipomshushia yeye niliwashusha nao. "Kendi, mwari," Baba Mwenda akasema mbele ya wote, "ukiendelea hivi utatuchimbia shimo. Mimi nitaimba nikiwa nimekaa kwa choo." Nikacheka pamoja na wengine. Mwalimu alinitazama, akageukia ubao akafuta herufi ya ufunguo, akaandika nyingine.

Nilikuwa naona mambo jikoni ambayo hawakuyaona. Alikuwa hali chapati tena. Alizipika, akazipanga, akafunika, lakini yeye alichukua kipande akakilowesha kwenye chai mpaka kikawa uji, na hata hicho alikimeza akiwa ameinua kidevu na kufumba macho. Nikimtazama alisema ameshiba harufu. Mahindi ya githeri alinipa yote, akabaki na supu. Kisha supu ikawa uji wa wimbi. Kitenge alichokuwa anafunga kiunoni kilianza kuzunguka mara mbili. Siku moja nilimkuta Tata hapo, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu kinu hakiachwi. Walikuwa wanaongea kwa Kimeru, chini chini, wakidhani maji yanayochemka yanawafunika. "Makena anajua?" Tata aliuliza. "Makena yuko kazi Meru. Nimwambie nini, ati mama yako ameshindwa na chapati?" "Si chapati, dada. Uende wakakuangalie." "Baada ya shukrani," Mama Makena akasema. "Nikienda sasa watanilaza. Huyu mtoto ameniandikia wimbo." Nilisimama nje na debe la unga kichwani, shingo ikiniuma, na sikuingia mpaka walipoanza kuongea kuhusu bei ya sukari.

Tata hakungoja shukrani. Alimpigia Makena simu, Makena akaja na gari la rafiki yake, na wakampeleka mama hospitali ya Meru. Walimwingiza kamera kooni. Aliporudi alikuwa na bahasha kubwa ya kahawia na jibu la neno moja, ambalo watu wa kwetu hulisema kwa kushusha sauti, kama wanaogopa litageuka liwatazame: saratani. Ilikuwa kwenye njia ya chakula na ilikuwa imeanza kubana njia ya sauti. Jioni hiyo Tata alizima kinu mapema. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kujua jinsi chumba changu kilivyo kimya. Nililala hapo nikijaribu kuvumisha kitu na sikupata pa kukiegemeza. Na nitasema jambo lililonijia akilini wakati huo, maana nikiliacha nitakuwa naandika uongo: nilifikiria D. Nilifikiria kwamba nikiuweka wimbo kwenye D, noti ya juu itakuwa mahali ambapo mtu anaongea tu, na mtu yeyote anayeweza kuongea ataifikia.

Kwaya ilibadilika ilipojua. Tangawizi zikaacha kuja. Watu walianza kumletea maziwa, na kumwongelesha kwa sauti ya juu kana kwamba masikio ndiyo yameugua. Alikuja mazoezini mara moja na wimbo ukiwa D. Aliuimba wote. Ulitambaa. Sauti za chini zilikuwa kama watu wanaosukuma gunia kwenye matope, na yeye juu yao alikuwa mkwaruzo mwembamba. Tulipomaliza hakuna aliyefanya mzaha, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwalimu aliniita nje. "Kendi, siku imekaribia. Lazima tumtayarishe mwingine. Kawira ana sauti." Kawira alikuwa darasa moja nami, mrembo, mcheshi, mtu wa kuimba hata kwenye foleni ya chakula. Sikumjibu Mwalimu. Nilikuwa na njia moja tu ya kukataa, nayo ni kunyamaza, na niliitumia. Kesho yake Kawira mwenyewe alinifuata chooni shuleni. "We Kendi, sikia. Mimi sijaitaka hiyo solo, sawa? Ni Mwalimu. Ukisema nisiimbe, siimbi. Lakini sema basi. Kusema ni bure." Hata yeye nilimtazama tu mpaka akaondoka, akisonya.

Aliyemaliza jambo hilo ni Mama Makena. Nilienda hotelini na karatasi mpya. Nilikuwa nimefika C. Alikuwa ameketi kwenye meza ya wateja, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na mbele yake kikombe cha uji kilichoshika utando. Akachukua karatasi, akaisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Alikuwa anajua do na re kuliko Mwalimu. "Ulidhani sioni?" akasema. Sauti ilikuwa imebaki pumzi na mchanga. "Kila wiki unaniteremshia ngazi moja. Mimi nikasema, wacha, mtoto ananipenda." Nikaanza kulia. "Nyamaza kwanza, nikimaliza utalia. Ule wimbo wa kwanza ulikuwa unapanda, Kendi. Ulikuwa na miguu. Sasa umeukata miguu ili ulingane na mimi. Wimbo si dawa, mwari wakwa, binti yangu. Haujaniponya, na wenyewe umeugua." Akakunja karatasi, akaisukuma kwangu. "Rudisha juu pale ulipoutoa. Mpe Kawira." "Sitaki Kawira," nikasema. Nadhani hayo ndiyo maneno ya sauti kubwa niliyowahi kusema mwaka huo. Mtu wa bodaboda kwenye meza nyingine aligeuka. Mama Makena akatabasamu. "Ona sasa, kumbe una sauti. Mimi pia sitaki Kawira. Nataka kuwa Kawira. Lakini mpe."

Nilimfunza Kawira kwenye ile meza ya nyuma, na Mama Makena akiwa jikoni, mlango wazi. Mara kwa mara aligonga sufuria na mwiko: hapo umekimbia, rudi. Kawira alikuwa anarudi bila kununa. Siku ya shukrani vigango vilikuja na ngoma, na magunia ya mahindi, na mbuzi mmoja aliyelia wakati wa mahubiri mpaka padri akamtania. Mama Makena aliketi benchi la kwanza upande wa wanawake, leso shingoni, Makena akimshika mgongo. Wimbo ulianza kwenye G. Nilikuwa katika sauti ya pili, mstari wa nyuma, nikitazama kichwa cha Mwalimu. Kawira alipanda. Alipofika kwenye "unga" kanisa zima lilivuta pumzi, kisha wanawake wakapiga vigelegele, kitu ambacho kwetu hakifanywi katikati ya wimbo. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko siku yoyote tuliyowahi kuuimba, hata ile siku besi ilisahau kuingia. Ilikuwa lazima nilisikie hilo, kwa sababu masikio yangu hayajui kudanganya, na nililichukia. Nilimtazama Mama Makena. Alikuwa anafungua mdomo kila mahali palipofaa, anavuta pumzi kila mahali palipofaa. Baadaye, nje, watu wakinishika mkono ambao sikujua niuweke wapi, alinivuta karibu mpaka sikio langu likagusa mdomo wake. "Sikusikia sauti yangu mahali popote," akasema. "Nilitafuta. Haimo. Sasa ni wimbo." Aliniambia hivyo kama zawadi. Nimejaribu kuipokea kama zawadi.

Hoteli haikufunguliwa tena. Makena aliacha kazi akaja kukaa naye katika chumba cha nyuma, na mimi niliendelea kwenda baada ya shule ingawa hapakuwa na vikombe vya kuosha isipokuwa kimoja. Nilimchujia uji kwa kitambaa cheupe, mara mbili, mpaka ukawa kama maji yaliyopita karibu na unga. Mchana mmoja, Makena akiwa ameenda sokoni, aliomba nimkalishe kwenye kiti cha jikoni, karibu na meko lisilo na moto. Akaketi akitazama zile mbao nyeusi. Kisha akanipungia nisogee. "Tuimbe ule wetu," akasema. "Wa chini." Nikauliza do iwe wapi. Akainua mabega. Nikaitafuta kooni mwangu, nikashuka chini ya C, chini ya kitu chochote Mwalimu alichowahi kuandika ubaoni, nikampa. Akaanza. Haikuwa sauti ya mwanamke wala ya mwanamume. Ilikuwa kama mtu anayeburuta kiti polepole ndani ya nyumba ya jirani, lakini kila noti ilikuwa mahali pake, kila moja, na nilisikia ule wimbo ukiinama kuokota kitu kama nilivyoutaka siku ya kwanza. Nikaingia na sauti ya pili. Ubeti wa kwanza tukaumaliza. Katika ubeti wa pili, kabla ya "unga", sauti ikaisha. Haikukatika, iliisha tu, na midomo ikabaki wazi. Nikanyamaza pia. Akanitazama kwa ukali, akapiga goti lake kwa kiganja, moja, mbili, nisiache kuimba. Sauti ya pili haina wimbo ndani yake. Inakaa noti ileile muda mrefu, inashuka moja, inarudi. Mtu akipita nje angedhani ni mtoto anayejaribu kukumbuka kitu. Nikaiimba hivyo hivyo, ubeti wa pili na wa tatu, nikisubiri kila aliposubiri, nikimwachia nafasi yake yote, naye akiendelea kupiga goti, mpaka mwisho.